Tafakari ya Juma: Mdahalo wa Plastiki na Mama Muuza Barafu



Wapendwa waamini, na ninyi nyote mnaoifuata tafakari hii kila juma, leo naomba niyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, niwapeleke darasani. Mkuu wa shule moja ya sekondari iliyo jirani na parokia yetu aliniomba niwaandae vijana wa Kidato cha Tatu kwa ajili ya mdahalo. Hoja yenyewe ilikuwa imekwisha kuandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: "Plastiki zinazotumika mara moja ziondolewe kabisa nchini." Watetezi wanne, wapinzani wanne, mwenyekiti, katibu, na mtunza muda mwenye kengele yake. Nilikubali upesi, pengine upesi mno, kwa kuwa kazi hiyo naipenda tangu nilipokuwa seminari ndogo, na kwa kuwa niliamini kwamba jibu la hoja hiyo nilikuwa nalijua tayari.

Hapo ndipo nilipokosea. Nawasimulia kosa hilo kwa sababu nadhani wengi wetu, wazazi, walimu na makatekista, hulifanya kila tunapomwandaa kijana kusema mbele za watu.

Jumamosi ya kwanza niliwakusanya katika ukumbi wa parokia. Niliwaeleza habari za mtaro ulio nyuma ya kanisa, ambao kabla ya mwaka 2019 ulikuwa ukiziba kila masika kwa mifuko ya rambo, hata maji yakaingia sakristia. Niliwaeleza juu ya ng'ombe aliyechinjwa hapa kijijini akakutwa na fundo la nailoni tumboni. Niliwapa nakala ya waraka wa Laudato Si' wa marehemu Papa Fransisko, wa mwaka 2015, nikawaonyesha aya ya 211, ambamo kupunguza matumizi ya plastiki kunatajwa miongoni mwa matendo madogo ya kila siku ya kuitunza dunia. Watetezi wa hoja waliandika hadi vidole vikauma. Wapinzani wanne waliketi upande wa pili wa meza, mikono mashavuni, kama watu walioletwa kusikiliza hukumu yao. Mmoja wao aliuliza, "Sasa Baba, sisi tuseme nini?" Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nikamwambia watafute chochote, mradi wajaze dakika zao.

Miongoni mwa watetezi alikuwamo binti mmoja mwenye mwandiko mzuri, na sauti inayofika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti. Hotuba yake niliisahihisha mwenyewe. Ndani yake ilikuwamo sentensi iliyosema kwamba wanaouza barafu na ubuyu katika vifuko vya nailoni wanaliua ziwa kwa tamaa ya shilingi mia. Niliiwekea alama ya vema kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni, "Kali sana!" Wenzake walipoondoka, yeye alibaki kunisaidia kupanga mabenchi. Alipanga mawili, akasimama.

"Baba, na wazazi wataalikwa?"

Nikamjibu kwamba wataalikwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu ndiye anayeuza barafu pale kwenye geti la shule ya msingi."

Wapendwa, sikuwa na la kumjibu. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimempongeza mtoto kwa kumtukana mama yake, na karo aliyolipiwa hata akajua kuandika sentensi kali namna ile ilitoka katika hizo shilingi mia.

Siku mbili baadaye nilipita nyumbani kwa mama huyo. Alinikaribisha kwa kigoda, akanipa barafu moja ya ubuyu, nami niliila yote (wale mnaonifahamu hamtashangaa). Sikumweleza habari ya hotuba. Nilimwomba tu anifundishe biashara yake. Akanieleza bei ya umeme wa kugandisha, bei ya sukari, na bei ya bunda la vifuko, na jinsi ambavyo kifuko ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika hesabu yake, ilhali bila hicho hakuna barafu. "Baba," aliniambia, "nipe kitu kingine cha kugandishia ambacho mtoto ataondoka nacho kwa shilingi mia, na kesho naacha nailoni." Kisha akaniuliza swali ambalo mimi na vijana wangu wanane hatukuwa tumelifikiri hata kidogo: "Hivi hiki changu ni kibebeo au ni kifungashio? Maana redioni walisema vibebeo."

Swali hilo la mama asiyejua kwamba kuna mdahalo ndilo lilipaswa kuwa somo la kwanza. Kanuni zilizoanza kutumika nchini kwetu tarehe 1 Juni 2019 zilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hazikupiga marufuku kila kitu cha plastiki. Vifungashio vya dawa, vya bidhaa za viwandani, vya kilimo na vya usindikaji wa vyakula viliwekewa utaratibu wake. Anayekutwa na mfuko uliokatazwa hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000, au hufungwa kwa muda usiozidi siku saba, au vyote viwili. Basi kati ya kibebeo na kifungashio pana tofauti ya shilingi elfu thelathini, na mwenye genge hajui daima amesimama upande gani wa mstari. Vijana wetu walitaka kubishana juu ya "plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja.

Nikarudi kwenye ubao, nikaitazama ile hoja upya, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kufanya na maandiko ya wanafalsafa. "Zinazotumika mara moja." Na nani? Chupa ya maji anayoitupa mtalii dirishani hutumika mara moja. Chupa ileile ikiokotwa huku kwetu huoshwa, ikauziwa mafuta ya kula, baadaye mafuta ya taa, na mwisho dawa ya kuogeshea mbuzi. "Nchini." Rwanda ilianza na mifuko mwaka 2008, ikaongeza sheria pana zaidi mwaka 2019. Kenya ilikataza mifuko tarehe 28 Agosti 2017, kisha mwezi Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja, si nchi nzima, bali katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Majirani zetu hao wawili wamejibu swali moja kwa namna mbili, na kijana anayesimama kutetea au kupinga sharti aseme anataka ipi.

Na lile neno "kabisa"! Neno fupi, lakini ndilo linaloubeba mzigo wote. Nilimwomba Sista wa zahanati yetu aje na kisanduku. Akaweka mezani bomba la sindano, mpira wa dripu na glovu. Wazee wetu wanakumbuka mabomba ya kioo yaliyochemshwa na kutumiwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja kwamba chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi ya kwanza, ili yasiweze kutumika tena, kwa sababu sindano zilizorudiwa zilikuwa zikisambaza magonjwa. Hapa kutumika mara moja ndiko kunakookoa maisha. Sista aliuliza kwa upole, "Na hizi pia tuziondoe kabisa?" Mtetezi wa kwanza wa hoja alifuta mstari katika daftari lake. Hakuna aliyemwagiza.

Hapa nafikia jambo ambalo naona nina wajibu wa kulitetea, kwa maana limeniletea manung'uniko. Jumamosi ya pili niliwaambia vijana wote wanane kwamba hakuna tena watetezi wala wapinzani. Kila mmoja ataandaa pande zote mbili, na kura itapigwa asubuhi ya siku ya mdahalo. Zaidi ya hayo, hakuna atakayeruhusiwa kujibu hoja ya mwenzake kabla ya kuirudia kwa maneno yake mwenyewe hadi mwenzake akiri, "Ndivyo nilivyosema." Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, alinifuata baada ya Misa. "Padre," alisema, "mazingira yanaharibika, Baba Mtakatifu amekwisha kusema, nawe unawafundisha watoto kutetea uchafu?"

Nilimjibu kwa kumrudisha kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Atakayeifungua Summa yake, mahali popote, atakuta kwamba Thoma haanzi na fundisho lake. Huanza na hoja za wanaompinga, mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, tena huziweka kwa nguvu kiasi kwamba msomaji mgeni hudhani ndizo imani yake. Ndipo huleta neno la kinyume, kisha jibu lake, na mwishoni humrudia kila mpinzani na kumjibu alipokosea, mara nyingi akikubali alipokuwa na haki. Vyuo vikuu vya karne ile ya 13 vilikuwa na midahalo ya wazi nyakati za Majilio na Kwaresima, ambapo yeyote aliyehudhuria aliweza kumwuliza mwalimu swali lolote, naye alipaswa kujibu. Katika seminari kuu tulikuwa na mwalimu aliyekuwa akitupa sifuri kama tulimpinga mwanafalsafa bila kwanza kumweleza kwa haki. Nilimchukia kwa muhula mzima. Leo ninamwombea.

Tena, Kanisa lenyewe lilikuwa na ofisi ya kazi hii. Tangu mwaka 1587, chini ya Papa Sisto V, palikuwapo afisa aliyewekwa rasmi kutafuta kila sababu ya kumkatalia mtu heshima ya utakatifu, naye watu walimpachika jina la wakili wa shetani. Papa Yohane Paulo II aliubadilisha sana utaratibu huo mwaka 1983. Kwa muda wa karibu miaka mia nne afisa huyo alifanya kazi yake bila kudhaniwa kwamba anawachukia watakatifu. Alikuwapo ili sifa ya mtakatifu isijengwe juu ya makofi.

Yule mzee hakuridhika sana, nami nakiri kwamba wasiwasi wake una kiini cha kweli. Yapo mambo ambayo sitakubali yawekwe mezani ili vijana wayatetee na kuyapinga kwa zamu: kwamba mtu wa kabila fulani si mtu kamili, kwa mfano, au kwamba albino hana haki ya kuishi. Lakini hoja ya plastiki si ya namna hiyo. Hakuna anayetetea uchafu. Wanaobishana wanabishana juu ya njia, kasi, na nani atakayelipa gharama. Hata wakubwa wa dunia wamekwama papo hapo. Mataifa yaliazimia jijini Nairobi, tarehe 2 Machi 2022, kuandaa mkataba wa kimataifa dhidi ya uchafuzi wa plastiki, na kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kiliachana bila mkataba, kwa sababu wengine walitaka uzalishaji wenyewe wa plastiki uwekewe kikomo, na wengine, hasa nchi zenye mafuta, wakataka tushughulikie taka tu. Kama mabalozi hawakumaliza, Kidato cha Tatu hawawezi kuambiwa kwamba upande mmoja hauna la kusema.

Mimi mwenyewe nina msimamo, na sikuwaficha. Naona katazo la mwaka 2019 lilikuwa jema. Mtaro wa nyuma ya kanisa hauzibi tena kama zamani, na vikapu vilirudi sokoni, ingawa navyo vilipata mshindani haraka, ile mifuko myepesi inayofanana na kitambaa, ambayo nayo, ukichunguza, nyingi ni plastiki iliyofumwa kwa namna nyingine. Lakini msimamo wangu niliupata kwa kuishi na ule mtaro. Kijana akiupokea kutoka mdomoni mwangu kama dawa ya minyoo, ataurudisha vilevile siku atakapokutana na mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko wangu.

Kuhusu takwimu nitasema machache. Vijana wanazipenda kwa sababu hunyamazisha ukumbi. Niliwapa utafiti mmoja unaojulikana sana, uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliokadiria kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imekwisha kutengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki, na kwamba katika taka zilizotokana nazo ni asilimia 9 tu zilizorejelezwa, 12 zikachomwa, na 79 zikabaki madampo au katika mazingira. Kisha nikawauliza: tarakimu hii ni ya upande gani? Watetezi wa zamani walinyosha mikono: urejelezaji umeshindwa, basi tukataze. Kijana mmoja wa wale wapinzani wa zamani, yule aliyekuwa ameniuliza waseme nini, akasema kwamba ikiwa asilimia 79 imetupwa ovyo, basi kosa ni la mfumo wa kuzoa taka, na halmashauri iliyoshindwa kuzoa nailoni itashindwa kuzoa na makopo. Nikawapa na ripoti ya Idara ya Mazingira ya Uingereza ya mwaka 2011, iliyopiga hesabu kwamba mfuko wa pamba sharti utumike mara 131 ndipo mzigo wake katika ongezeko la joto la dunia ushuke chini ya ule wa mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Palikuwa kimya. Ndipo binti mmoja akauliza, "Baba, na kikapu cha ukili walikipima?" Hawakukipima. Swali hilo moja lilinifurahisha kuliko hotuba zote za Jumamosi ya kwanza.

Jambo la lugha nalipita upesi, ingawa linaniuma. Mdahalo wenyewe utafanyika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi katika sekondari zetu, na sina ugomvi na desturi hiyo. Ila niliwataka wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba kijana asiyeielewa hoja hujificha nyuma ya sentensi ya Kiingereza aliyoikariri, na mwalimu asipokuwa mwangalifu humpa alama kwa hiyo. Kwa Kiswahili hapana pa kujificha. Ukisema "uendelevu", mwenzako atakuuliza ndiyo nini, nawe utapaswa kusema kitu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na zoezi la mwisho, na kura ya majaribio ilimwangukia yule binti kuwa mpinzani wa hoja. Alisimama bila karatasi. Alieleza hesabu ya barafu: umeme, sukari, ubuyu, bunda la vifuko, kinachobaki jioni. Alieleza kwamba sheria ikikataza bila kumpa muuzaji kitu cha kugandishia, faini itampata mwenye kapu kabla ya kumpata mwenye kiwanda, kwa sababu mwenye kapu ndiye anayekaa barabarani mchana kutwa. Hakutaja ni mama wa nani. Kisha nikawageuza, nikamwambia atetee hoja. Alisimama kitambo kirefu. Akasema kwamba vifuko vile jioni huokotwa na watoto kwa ajili ya kuwashia mkaa, na kwamba moshi ule wa nailoni unaingia kwanza katika mapafu ya mama yuleyule aliyekaa mbele ya jiko. Ile sentensi ya tamaa ya shilingi mia hakuirudia. Sikuwa nimemwambia aitoe.

Nilipokuwa nafunga ukumbi nilimwomba daftari lake, nikakata kwa wino uleule maneno yangu ya "Kali sana!" Aliniangalia akacheka kidogo, akasema, "Baba, si ungeacha tu."

Mdahalo utafanyika Ijumaa hii, saa nane mchana, na mkuu wa shule amewakaribisha wazazi wote, hata wasio na watoto shuleni hapo. Mwenyekiti atapokea michango ya ukumbini baada ya wazungumzaji wakuu, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, dakika mbili kwa kila mmoja, na kengele haitamwogopa mtu, akiwemo paroko. Mama wa barafu nilimwalika mwenyewe. Amesema atakuja, ila huenda akachelewa kidogo, kwa sababu Ijumaa watoto wa shule ya msingi hutoka mapema, na hiyo ndiyo saa yake ya kuuza.